Jina lake lilikuwamo: kiwanda kilipobadilisha wenyewe

Barua ya kuacha kazi ya Mjomba niliichapa mimi, kwenye kompyuta ya ofisini, saa sita na nusu mchana, wenzetu walipokuwa wamekwenda kula. Ilikuwa na aya mbili tu. Ya kwanza niliiandika hivi: "natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe." Hayo maneno ya mwisho yeye hakuyasema, niliyaongeza mimi kwa kuwa nilishaona barua nyingine zimeandikwa hivyo na nikayaona ya kiungwana. Akaisoma haraka, akasaini, akanishukuru. "Mungu akubariki, dada."

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Sasa naliandika, kwa ruhusa yake, kwa sababu viwanda na maofisi yanaendelea kubadilisha wenyewe kila mwaka na kila mara nasikia maneno yaleyale yakirudi.

Mjomba si ndugu yangu wa damu. Kiwandani wote tulimwita hivyo, hata meneja wa zamani. Alikuwa fundi mashine upande wa moldi, pale panapotoka ndoo na mabeseni, na alikuwa na miaka 11 kazini. Mimi nilikuwa katibu muhtasi wa meneja mkuu. Kiwanda kipo Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo watu wa makamo bado wanaiita Barabara ya Pugu. Tulikuwa kama watu 240 tukihesabu na vibarua.

Mwanzoni mwa 2018 wakaanza kuja wageni. Walikuwa watu wanne, wana kompyuta za mapajani, wanaomba mafaili, wanapiga picha mashine, hawaongei na mtu. Ukiwauliza mnafanya nini wanajibu "dyu dilijensi" na kuendelea kupiga picha. Neno hilo likashuka chini kwenye shifti likiwa limeshakuwa kitu kingine. Mlinzi wa getini aliniuliza kwa dhati kabisa, "Eti sekretari, huyu Dilijensi ndiye aliyetununua?" Sikucheka, maana mimi mwenyewe sikuwa na uhakika maana yake ni nini. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ni ukaguzi anaoufanya mnunuzi kabla hajatoa pesa yake. Anaangalia madeni, kesi, mashine, mikataba na watu. Hakuna ubaya wowote ndani yake. Lakini hakuna aliyetueleza, na sisi tukajieleza wenyewe.

Machi akaja meneja mpya. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, aliyefanya kazi nje miaka mingi, mtu mpole. Akatuita wote chini ya banda la stoo akazungumza dakika 20, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Nakumbuka maneno manne tu, kwa sababu ndiyo tuliyoishi nayo miezi mitano: ristrakcha, hedikaunti, autososi na kei-pi-ai. Akamaliza, akauliza kama kuna swali. Watu 200 na ushee tumesimama pale, hakuna aliyenyoosha mkono. Akashukuru, akaondoka akiamini tumemwelewa. Najua aliamini hivyo kwa sababu taarifa yake kwenda kwa wakubwa zake niliichapa mimi: wafanyakazi wameupokea mpango vizuri.

Kimya cha wafanyakazi hakimaanishi kuridhika. Sisi tukinyamaza mbele ya bosi, mara nyingi maswali tunakwenda kuyauliza kwa mama ntilie.

Na kwa mama ntilie, siku ileile, majibu yalishakuwa tayari. "Ristrakcha", ambayo kwa kweli ni kupanga upya muundo wa kampuni, ilikuwa imegeuka "strecha", yaani machela, na maana yake ikawa watu watabebwa. "Kei-pi-ai", ambavyo ni vipimo vya utendaji kazi tu, ikasemwa ni mashine ya kuhesabu umeenda chooni mara ngapi. "Hedikaunti" ndiyo iliyoleta maafa. Kwa Kiingereza chao ni hesabu ya idadi ya wafanyakazi, basi, kama mwalimu anavyohesabu wanafunzi asubuhi. Lakini ukiitafsiri neno kwa neno unapata kuhesabu vichwa, na katika Kiswahili chetu vichwa vikianza kuhesabiwa kinachofuata ni kuliwa. Kila mtu alishasikia fulani "kaliwa kichwa". Kwa hiyo kabla ya chai ya saa nne kesho yake, hedikaunti ilishakuwa orodha ya watu ambao vibarua vyao vitaota nyasi.

Siwalaumu. Lugha yetu ya kazini imejaa kumbukumbu za namna hiyo. Wazee walikuwa na "fagio la chuma" tangu enzi za Mzee Mwinyi, sisi tuliingia 2016 tukiwa na "kutumbuliwa" midomoni, na 2017 ukaja uhakiki wa vyeti serikalini, ambako majina yalitoka kweli kwenye orodha na watu wakaenda nyumbani kweli. Baba yake Mjomba alikuwa mfanyakazi wa shirika la umma lililobinafsishwa miaka ya 1990, na alikufa bado anafuatilia sehemu ya mafao yake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna orodha, hawezi kukuuliza orodha ya nini.

Wazee wana jina zuri la habari hizi, wanaziita redio mbao. Haina betri, haina kituo, na haizimwi. Siku hizi imehamia kwenye simu. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa la michango ya misiba na harusi. Kufikia Aprili lilikuwa redio mbao ya saa ishirini na nne. Ikitumwa sauti ya dakika mbili ya mtu asiyejulikana, anayeongea kwa kunong'ona, watu wanaiamini kuliko barua yenye muhuri.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa Jumanne ya pili ya Aprili. Printa ya ofisini kwetu ilikuwa inatumiwa na watu watatu, na mtu wa utumishi alikuwa ametuma kitu akasahau kukichukua. Karatasi nne. Juu imeandikwa hedikaunti kwa herufi kubwa, chini majina yote ya kiwanda kwa idara. Majina 43 yalikuwa yamepakwa rangi ya njano. Jina langu halikuwa na rangi. La Mjomba lilikuwa nayo.

Moyo ulinidunda. Nilizirudisha karatasi pale pale, nikakaa kwenye kiti, nikajaribu kuchapa kumbukumbu za kikao nikashindwa. Ofisi ya utumishi ilikuwa hatua kumi kutoka mezani kwangu. Ningeweza kuzibeba zile karatasi nikamwambia, "Umesahau hizi, na nimeona rangi, inanitisha, ni ya nini?" Angenijibu. Ni mtu niliyekuwa nakunywa naye chai. Badala yake nilikwenda kwa shoga yangu wa uhasibu, nikafunga mlango, nikamwambia mambo mawili: orodha imetoka, na watu ni 43. Nikamwapisha asiseme. Naye, nina hakika, alimwambia mtu mmoja tu, na akamwapisha.

Saa tisa alasiri, shifti zinabadilishana, idadi ilikuwa 140.

Mjomba alikuja siku ya pili yake. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi, kama mtu aliyekuja kupokea habari ya hospitali, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, jina langu limo?"

Nikamwambia, "Limo."

Hilo neno moja nimelipitia kichwani mara nyingi. Sikumdanganya, jina lake lilikuwamo kwenye orodha. Lakini yeye aliuliza kama anapunguzwa, na mimi nilimjibu kama najua. Laiti ningesema, "Nimeona karatasi yenye rangi, sijui maana yake," huenda leo angekuwa bado pale. Mtu anayekaa karibu na mlango wa bosi haruhusiwi kukisia, kwa sababu kisio lake likitoka pale mlangoni linapokelewa kama taarifa rasmi. Hili nawaambia makatibu muhtasi wenzangu, madereva wa wakubwa, watu wa IT, wafagizi wa maofisi na yeyote anayeona karatasi zisizomhusu.

Wakati huohuo kulikuwa na uvumi mwingine uliotoka kwa madereva: kwamba atakayepunguzwa hatalipwa kitu kwa sababu "kampuni mpya haihusiki na miaka ya kampuni ya zamani", na kwamba anayewahi kuandika barua mwenyewe atapewa mkono wa kwaheri. Nani alisema, hakuna aliyejua. Kila ukiuliza unaambiwa "wanasema". Ukiziunganisha hizo mbili, jina limo na waliowahi watalipwa, utaona Mjomba alipiga hesabu sahihi kwa tarakimu za uongo. Ijumaa ya mwisho ya Aprili alikuja nimchapie barua. Nikachapa. Notisi yake ikaanza kuhesabiwa na siku yake ya mwisho ikawa tarehe 25 Mei.

Kuna sehemu ninayoiona ngumu zaidi kuandika kuliko yote, nayo ni hii. Katikati ya Mei afisa utumishi alianza kuwaita watu ofisini mmoja mmoja. Nilipomuuliza anawaitia nini, alifungua ileile orodha kwenye kompyuta yake na kunionyesha. Njano ilikuwa alama ya mafaili ambayo hayajakamilika. Huyu hana namba ya NSSF kwenye faili, yule hana nakala ya kitambulisho, huyu mkataba hauonekani. Wenye kampuni wapya walitaka mafaili yote yakamilike. Ni hivyo tu.

Nilijua siku ile, na Mjomba alikuwa na siku tisa za notisi zilizobaki. Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nikisema, itabidi nieleze niliionaje orodha, na mimi nina watoto wawili shule. Niliinunua nafasi yangu kwa siku zake tisa. Angejua, angeweza kwenda kuomba kuiondoa barua yake. Mwajiri halazimiki kukubali mtu afute notisi aliyokwisha kuitoa, lakini fundi wa moldi wa miaka 11 si mtu wa kutupwa, na nadhani wangekubali. Sitajua. Tarehe 25 alipita kuniaga, ameshika mfuko wa plastiki wenye buti na ovaroli, akaenda zake.

Wiki ya pili ya Juni ndipo tangazo la kweli lilipobandikwa. Nataka nilieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona tofauti kati ya upunguzaji wa redioni na upunguzaji wa kisheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, haimruhusu mwajiri kuamka asubuhi na orodha. Anatakiwa atoe taarifa ya nia ya kupunguza mapema, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha akae mezani na chama cha wafanyakazi au, pasipo na chama, na wafanyakazi wenyewe. Wanajadili sababu ni nini, kuna njia gani ya kuepuka au kupunguza idadi, watu watachaguliwa kwa vigezo gani, ni lini, na watalipwa nini. Wasipokubaliana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Kwa maana nyingine, kama hakuna taarifa ukutani na hakuna kikao, hakuna upunguzaji. Kuna maneno tu. Sisi tulikuwa tumehangaika miezi mitatu na kitu ambacho kisheria kilikuwa hakijaanza.

Kwenye kikao cha kwanza mwenyekiti wa tawi la chama alisimama kuwajibu wale wa "kampuni mpya haihusiki". Mtu huyu hakuwa na elimu kubwa lakini alijua kazi yake. Alisema, "Jamani, kampuni haijafa. Zimeuzwa hisa. Jina kwenye mkataba wako ni lilelile, aliyekuajiri ni yuleyule, na miaka yako inaendelea kuhesabika. Aliyebadilika ni mwenye mali." Sentensi nne. Kama zingebandikwa ukutani Machi, ule uvumi wa madereva ungekufa siku hiyohiyo. Ila alitutahadharisha pia: akija mtu na mkataba mpya wa kusaini, soma tarehe ya kuanza kazi. Kama imeandikwa leo badala ya ile uliyoajiriwa kweli, usisaini kabla hujaandikiwa kwamba miaka yako ya nyuma inatambuliwa.

Watu waliopunguzwa mwishoni walikuwa 31, wengi kutoka stoo na kwenye magari. Upande wa moldi hakuguswa mtu. Tena walikuwa na upungufu wa mafundi, na Agosti wakaleta wawili kupitia wakala.

Waliopunguzwa walilipwa mshahara wa notisi, likizo ambazo hawakuzitumia, kiinua mgongo na cheti cha utumishi, na chama kikawapigania nyongeza kidogo juu yake. Hicho kiinua mgongo, watu wengi hawajui kinavyopigwa, kwa hiyo nitaweka hesabu ya Mjomba hapa. Kiwango cha chini cha sheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi mfululizo, mwisho miaka 10. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 416,000. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki unagawanya kwa 26, unapata 16,000 kwa siku. Miaka 11 yake inahesabika 10, kwa hiyo siku 70, sawa na shilingi 1,120,000. Kinalipwa pale mwajiri anapokuachisha. Ukiacha mwenyewe, hakipo. Yale maneno yangu ya kiungwana ndiyo yaliyokifuta, endapo siku moja angekuja kukihitaji.

Nilimtafuta baada ya kuona tangazo. Alikuwa anakaa Gongo la Mboto, anafanya kibarua cha kutwa kwenye karakana. Nikamwambia twende CMA, tena haraka, kwa sababu malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yana siku 30 tu tangu siku ulipoachishwa. Huu ni ushauri nautoa kwa nguvu zote: watu wengi wanapoteza haki zao kwa kuzunguka kwa wajomba na wabunge mpaka siku zinaisha. Nenda kwanza kajaze fomu, mengine yatafuata. Tulikwenda tarehe 18 Juni, siku ya 24.

Siku ya usuluhishi ilipopangwa nilimsindikiza. Mimi nikabaki kwenye benchi la korido, maana mle ndani ni pande mbili na msuluhishi tu. Hakukaa sana. Alipotoka alikaa pembeni yangu akanieleza. Msuluhishi alisoma ile barua, akamuuliza kwa upole, "Nani alikulazimisha kuandika hii?" Hakuna. "Nani alikuambia unapunguzwa? Meneja? Utumishi?" Hapana. "Basi nani?"

"Nikamwambia ni maneno ya watu tu," Mjomba akaniambia.

Alikuwa amenificha. Alikuwa anajua ni mimi niliyesema "limo", na mwakilishi wa kampuni alikuwa amekaa mbele yake na kalamu, na angenitaja tu nisingemaliza wiki. Hakunitaja. Hapo ndipo nilipomwambia yote, kwenye lile benchi, watu wakipita na mafaili. Kwamba njano haikuwa kupunguzwa. Kwamba nilijua tangu Mei.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwangu ilikuwa ni nini?"

"Mkataba. Nakala ya mkataba haikuwamo kwenye faili."

"Mkataba wangu uko nyumbani," akasema. "Uko chini ya godoro."

Hakusema neno lingine. Akainuka, akapanda daladala yake, mimi nikapanda yangu.

Kesho yake nilimwandikia meneja maelezo ya nilivyoiona ile orodha na nilivyoisema. Nilipewa onyo la maandishi kwa kutoa taarifa za ofisi, na nililistahili. Nilimwomba pia wamfikirie Mjomba kwenye nafasi za moldi zilizokuwa wazi. Jibu lilikuwa kwamba nafasi hizo sasa zinajazwa na wakala. Autososi.

Nalitaja neno hilo la mwisho kwa makusudi. Katika maneno yote manne ya kule bandani, autososi ndilo lililokuwa na makali tangu siku ya kwanza, na ndilo ambalo hakuna aliyelizungumza. Wafagizi na walinzi walihamishiwa kwa wakala mwezi Mei, kimyakimya, na kundi la WhatsApp halikusema lolote kwa sababu halikuwa linawahusu mafundi na maofisa waliokuwa wanaongea sana mle. Uvumi hufuata hofu ya wenye sauti. Mama mmoja mfagizi aliniuliza mara mbili hilo neno lina maana gani, nami nikamjibu, "Ni mambo ya ofisi, mama." Ningemwambia kwamba ni kazi kuhamishiwa kwa kampuni nyingine, na kwamba kabla hajasaini karatasi yoyote aulize miaka yake inakwenda wapi, angalau angekuwa na swali la kuuliza.

Kwa hiyo siku hizi, kila neno geni likitamkwa kwenye kikao, mimi ndiye ninayenyoosha mkono. Nauliza kwa Kiswahili, kwa heshima: hilo neno, kwa mtu wa shifti ya usiku, maana yake atafanyiwa nini, na limeandikwa wapi? Mara ya kwanza nilitetemeka. Meneja alisimama kidogo, akalazimika kufikiri, akaeleza vizuri kabisa. Mara nyingi hawafichi, wamezoea tu hayo maneno mpaka wamesahau kwamba yanahitaji tafsiri. Tulikubaliana baadaye kila Jumatatu kubandikwe karatasi moja ubaoni: kilichoamuliwa, kisichoamuliwa bado, na lini tutajua. Hiyo sehemu ya pili ndiyo watu walioisoma zaidi. Mtu akiambiwa "bado hatujaamua" na ikasainiwa, analala. Asipoambiwa kitu, anatafuta wa kumwambia.

Uvumi ukinifikia, nauliza nani amesaini. Kama jibu ni "wanasema", siupeleki mbele, hata kwa shoga yangu, hata kwa kuapishana. Na kama kweli naona ni jambo zito, nauliza mwenye ofisi kabla ya kumwambia mwenye hofu.

Nyaraka zako ziwe mbili, moja nyumbani na moja kwenye faili lao, na uwe na hakika kwamba ya kwao ipo. Mkataba, hati za mshahara, barua za kupandishwa cheo, fomu za likizo. NSSF nenda kaombe taarifa ya michango yako sasa, wakati bado uko kazini. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu yako na nusu ya mwajiri. Kukatwa kwenye mshahara ni jambo moja na kufikishwa kwenye mfuko ni jambo jingine. Wenzetu wawili waligundua miezi iliyokosekana kwa sababu walikwenda kuangalia, na ikalipwa wakati wa yale mauzo, maana mnunuzi hapendi madeni ya namna hiyo.

Usikope kwa hofu. Wale waliokimbilia mikopo ya riba kubwa Aprili, ili "wapate mtaji kabla ya kufukuzwa", wengi hawakufukuzwa, na mwaka mzima walifanya kazi ya kumlipa mkopeshaji. Na usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya habari isiyo na karatasi. Kama wanatoa mpango wa kuondoka kwa hiari, utakuwa na maandishi, kiasi cha pesa na tarehe. Ukishavipata hivyo mpelekee mtu wa chama, au afisa kazi, au mwanasheria wa msaada, akusomee, kisha ulale nayo usiku mmoja.

Mjomba alinipigia simu mwaka uliofuata. Alikuwa amesikia kiwanda kingine kinatafuta mafundi wa moldi, akataka nimchapie barua ya maombi. Sikuamini kama ananiomba mimi. Alikuja nyumbani kwangu Jumapili. Hakusoma haraka kama siku ile. Alipitisha kidole chini ya kila mstari, akifika kwenye neno refu ananiuliza, "Hapa pameandikwa nini?" namweleza, anaendelea. Akafika kwenye historia ya kazi, mahali nilipoandika kwamba aliacha kazi mwaka 2018 kwa hiari yake. Kidole kikasimama.

"Hii toa, dada," akasema. "Andika mwaka tu."

Nikaitoa, nikachapa upya. Akaikunja, akaiweka kwenye bahasha pamoja na nakala ya mkataba wake wa zamani, na kusema atasaini kesho, akishaisoma tena.